Mkono Ndani

Mieleka ina madhehebu yake, na wafuasi wake hawasalimiani. Kuna mieleka ya mchangani, ambayo mgongo ukigusa chini habari yako imekwisha, hakuna refa wala rufaa. Kuna ya kwenye zulia la klabu, yenye pointi na filimbi, nayo imegawanyika: wapo wanaoruhusiwa kumkamata mtu popote hadi vifundoni, na wapo ambao ukimgusa mwenzako chini ya kiuno tu unapigiwa filimbi kama umeiba kuku. Halafu kuna ya ulingoni, yenye kamba, muziki na majoho ya kung'aa, ambayo mshindi wa Jumamosi anajulikana tangu Alhamisi. Wa mchangani humcheka wa zuliani kwamba anapigania godoro. Wa zuliani humcheka wa mchangani kwamba hajui sheria. Wakikutana wote wawili humcheka wa ulingoni, na hapo ndipo wanapoelewana.

Gunia alikuwa amepita kote huko, akaishia kwenye hilo dhehebu linalochekwa. Siku za kazi alikuwa fundi makochi. Alikata sponji, alivuta kitambaa, alipigilia misumari midogo aliyokuwa akiibana kwa midomo, na wateja walimsifu kwamba kochi lake halibonyei upesi. Jumamosi jioni alifunga karakana, akaoga, akaenda ukumbini kuangushwa. Alibebwa, alizungushwa, alitupwa, akalala chali refa akahesabu hadi tatu, na watu wakarudi kwao wameridhika. Mwenye ukumbi ndiye aliyembatiza jina hilo. Alisema gunia la mahindi halijitetei, akacheka mwenyewe hadi machozi yakamtoka, na tangu hapo hata vijana wa mtaani hawakujua jina ambalo wazazi wa fundi huyu walimpa.

Wanaocheka wajaribu siku moja. Wapande juu ya meza, wageuze mgongo, wajiachie. Watajua kama ule ni mchezo. Gunia alianguka hivyo mara kadhaa kila Jumamosi, na Jumatatu yuko karakanani anapima kitambaa kama mtu aliyekuwa mapumzikoni. Kidevu kifuani, pumzi nje, mgongo umepinda kidogo, na mkono wote kuanzia bega hadi kiganja unapiga sakafu kwa mara moja ili ukumbi mzima ushtuke. Ulingo wenyewe aliutengeneza yeye: mbao chini, sponji katikati, turubai juu. Alijua ubao upi unanesa na upi una roho mbaya.

Kuanguka alifundishwa na baba yake, kabla ya kitu kingine chochote. Mzee alikuwa fundi mwashi, na zamani hizo waashi walikuwa na mieleka yao. Msimamizi akishaondoka jioni, walizunguka lundo la mchanga ambao kesho yake ungechanganywa na saruji, wakavua mashati, wakashikana. Mzee alikuwa na mtupo wake wa nyonga ambao watu walitoka viwanja vingine vya ujenzi kuja kuuona. Lakini hakumfundisha mwanawe kutupa. Alimpandisha juu ya lundo, akamsukuma bila kumwambia, mtoto akaporomoka, na kila alipotoa mkono kujizuia mzee alimfokea: mkono ndani. Akampandisha tena. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka mama mtu akauliza kama hao wanacheza au wanaadhibiana. Mzee alimjibu kwamba mtu anayeogopa kuanguka atajivunja mwenyewe kabla adui hajamgusa.

Ikaja klabu, zulia, filimbi, medali mbili za bati. Kisha klabu ikafungwa, ukumbi wake ukawa ghala la matairi, na Gunia akaenda ulingoni kwa sababu ndiko pekee kulikobaki mahali pa kuweka mwili wake. Alipompelekea baba yake habari hiyo, mzee aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo watu watakuja kukuangalia ukilala?" Gunia akacheka kicheko cha kujikaza. Mzee hakucheka. Tangu siku ile hawakuligusa tena jambo hilo. Waliongea bei ya saruji, waliongea miguu ya mzee, waliongea mvua, na Jumamosi ilirukwa kana kwamba wiki ina siku sita. Gunia aliutafsiri ukimya ule kwa njia moja tu, kwamba baba anamwonea aibu, akaubeba moyoni mwaka hadi mwaka.

Basi siku moja dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mzee, alikuja karakanani, akakaa juu ya kochi lililokuwa halijavishwa kitambaa, akasema ametoka na baba kwa daktari wa macho. Jicho moja ndiyo basi tena. La pili bado lina mwanga, lakini linakwenda, na likishakwenda halirudi. Gunia aliitoa misumari mdomoni akaiweka mezani.

"Ameomba kitu kimoja," dada akasema. "Anataka kuja kukuona ukumbini. Anasema kabla halijazima."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe, mdogo wangu. Mimi ningejua wapi mambo yenu ya kukumbatiana na wanaume wenzenu?"

Alimtania, na siku nyingine angejibiwa. Siku hiyo Gunia aliona kitu kimoja tu mbele yake: baba yake, fundi wa nyonga, anatumia mwanga wake wa mwisho kumtazama mwanawe akiwa chali. Hilo ndilo atakalokwenda nalo gizani. Akabaki amekodoa macho kwenye sponji mpaka dada akaaga mwenyewe na kuondoka.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa mwenye ukumbi, chumba chenye mabango yaliyobanduka na feni inayolia. Aliomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba: ashinde. Mara moja tu. Mwenye ukumbi alimwangalia kama mtu aliyesikia mbwa wake akiomba funguo za nyumba. Akamuuliza nani atavuka mtaa kuja kuona gunia limesimama. Gunia alieleza habari ya macho ya mzee, akaeleza vibaya, na mwenye ukumbi akaacha kucheka. Hakuacha kwa huruma, tusidanganyane. Alikuwa amenusa biashara. Watu waliozoea kuona jambo moja kila wiki watalipuka wakiona kinyume chake, na wiki inayofuata watarudi kuona kisasi. Alikubali kwa sharti kwamba Dhoruba naye akubali.

Dhoruba ndiye aliyekuwa akishinda. Siku za kazi alikuwa fundi rangi, mrefu, mikono kama ngazi, anapaka dari bila kupanda kitu. Ulingoni aliingia na joho jekundu na watoto walilia kwa furaha. Kila alichokijua alifundishwa na Gunia: namna ya kumbeba mtu bila kumuumiza, namna ya kukunja uso, namna ya kubana mkono. Hii ya kubana mkono watazamaji hawaijui. Mkiwa mmekumbatiana chini, nyuso zimefichwa, mmoja humbana mwenzake kiganja. Maana yake: uko salama? Mwenzake akibana naye, maana yake: niko salama, twende. Asipobana, mchezo umekwisha hapo hapo. Unamwambia refa, refa anapishanisha mikono juu ya kichwa, muziki unazimwa, na hakuna anayeuliza nani ameshinda. Katika ulingo ule ambao kila kitu ni uongo, hilo peke yake lilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kulichezea.

Dhoruba alikubali bila hata kuweka chini brashi. "Mzee wako ni mzee wangu, kaka," alisema. "Miaka yote umekuwa ukilala wewe. Mimi nikilala siku moja nitapungukiwa nini?"

Kulikuwa na kasoro moja, na Gunia aliiona tangu pale pale. Dhoruba hakuwahi kuanguka. Tangu aingie ulingoni alikuwa akirusha tu, hakuna aliyewahi kumrusha. Alhamisi walipofanya mazoezi, Gunia alimtandikia sponji mbili nene za makochi, akamtupa kwa nyonga, polepole, chini chini, bila kumwinua sana. Mara ya kwanza mkono ulitoka. "Mkono ndani," Gunia akamwambia. Mara ya pili ukatoka nusu. Mara ya tatu ulikaa. Gunia alijua kwamba hiyo si kujua. Yeye mwenyewe aliporomoka kwenye lundo la mchanga utoto mzima ndipo mkono wake ukaacha kubishana naye. Alitaka kusema tuahirishe wiki tatu nne, nikufundishe vizuri. Lakini jicho la mzee halikuwa la kuahirishwa, na aliogopa kwamba akimtisha kijana, kijana atabadili mawazo. Dhoruba alikuwa anajikung'uta vumbi na kucheka, akisema amemwona Gunia akianguka mara nyingi kuliko alivyowahi kula chakula cha mchana, atashindwaje?

"Nitakutupa chini chini, kama leo," Gunia alimwahidi.

Jumamosi ilifika. Dada alimleta mzee mapema, akamkalisha mstari wa mbele kabisa, karibu na kamba, kiti cha pembeni ili miguu ipate nafasi. Mzee alivaa koti lake la harusini na alikuwa amenyolewa. Aligeuza shingo kidogo, akaelekeza ulingoni lile jicho lililobaki, mikono yake ya uashi imelala juu ya fimbo. Gunia alimchungulia kutoka nyuma ya pazia.

Mchezo ulianza kama kawaida. Dhoruba akaingia na joho lake, ukumbi ukapiga kelele. Gunia akaingia, ukumbi ukamwimbia ule wimbo wao wa kumkejeli, gunia limefungwa gunia limefunguliwa, na yeye kwa mara ya kwanza akausikia kwa masikio ya baba yake. Kila neno lilimchoma. Wakashikana. Dhoruba akamrusha mara mbili kama walivyopanga, na Gunia akaanguka kwa namna yake ile, kofi la mkono likapasua hewa, watu wakashangilia. Alipoinuka alitupia jicho mstari wa mbele. Mzee alikuwa ameinama mbele juu ya fimbo yake, mdomo uko wazi kidogo. Gunia aliona aibu tupu katika uso ule. Aliona kile alichokuja nacho.

Wakati wao ukafika. Dhoruba akarusha ngumi ya uongo, Gunia akainama ikapita, akaingia chini ya kwapa, akageuza nyonga. Walikuwa wamekubaliana kwamba atamtupa chini chini. Lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza ghafla kwa mshangao, na katika kimya kile baba yake alikuwa hatua chache tu, na nyonga ile ilikuwa ya baba yake, na hakuwahi hata siku moja kumwonyesha kwamba aliirithi. Akanyoosha magoti. Akambeba Dhoruba hadi miguu ya kijana ikaangalia taa, juu kuliko walivyowahi kufanya, juu kuliko mtu yeyote anavyopaswa kumbeba asiyejua kushuka. Akamwachia.

Mkono ukatoka.

Ulitoka wote, umenyooka, kiganja mbele, kama mtu anayetaka kuuzuia mlango usifungwe. Uligusa ubao ule wenye roho mbaya. Watu walisikia kishindo tu. Gunia alisikia na kingine ndani ya kishindo, kidogo, kikavu.

Alikuwa ameshamlalia kifuani kabla hajawaza. Mwili ulikuwa umezoea mpangilio. Kiganja chake kikatafuta kiganja cha Dhoruba kwenye turubai, kikakipata, kikabana. Hakuna kitu. Akabana tena. Kiganja kile kilikuwa na jasho, kina joto, lakini hakikujibu. Pumzi ya Dhoruba ilikuwa inatoka vipande vipande sikioni kwake, na alikuwa akisema kitu kisicho na maneno.

Refa, ambaye siku za kazi alikuwa kinyozi, alipiga magoti kando yao na mkono umeinuliwa, hajaanza. Aliona uso wa Dhoruba. Akamwangalia Gunia, akimuuliza kwa macho kama apishanishe mikono juu ya kichwa. Kitambo hicho kilikuwa kirefu. Gunia alikuwa na nafasi ndani yake ya kufanya lililo sawa, hata ya kulifanya taratibu. Angeinuka tu. Lakini angeinuka, muziki ungezimwa, na mzee angerudi nyumbani na mchezo usio na mshindi, na jicho lisingesubiri mwingine.

"Hesabu," Gunia akasema.

Refa akasita.

"Hesabu."

Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Ukumbi ukalipuka kama mwenye ukumbi alivyobashiri, viti vikaanguka, watu waliokuwa wakimwimbia kejeli wakaliimba jina lake kwa kumwinua, na refa akaushika mkono wake akaunyanyua juu huku uso umemparama. Gunia aligeukia mstari wa mbele. Dada yake alikuwa amesimama anapiga makofi. Mzee alikuwa amekaa, na jicho lake halikumwangalia mwanawe. Lilikuwa chini, kwenye turubai, kwa Dhoruba aliyejikunja ubavuni.

Wakamtoa Dhoruba kwa machela. Gunia alivaa shati juu ya jasho akampeleka baba yake nyumbani na dada. Njia nzima dada ndiye aliyeongea. Aliuliza kama yule kijana ameumia kweli au ndiyo mambo yao ya kuigiza, na Gunia akasema ameteguka kidogo. Dada akamwambia mzee, umeona lakini, Baba, umeona mwanao? Mzee akasema ameona.

Walipofika, dada akaenda kuchemsha maji. Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, Gunia akapiga magoti kumvua viatu kama alivyofanya kila alipomtembelea. Alikuwa anangoja neno. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, anangoja neno kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.

"Nilishakuja kule," mzee akasema.

Gunia akainua kichwa.

"Mara nne, tano hivi, zamani, miguu ilipokuwa na nguvu. Nilikaa nyuma, karibu na choo. Nilikuwa nalipa, naingia, natoka kabla taa hazijawashwa."

"Hukuniambia, Baba."

"Ningekwambia ungeanza kuniangalia mimi badala ya kazi." Aliusukuma mguu wa pili mbele uvuliwe. "Mara ya kwanza nilikuja kwa hasira. Nikasema nikaone huo upuuzi. Halafu yule mtu akakurusha, ukashuka. Mwanangu, sisi pale mchangani tulikuwa wengi, na wapo walioitwa mafundi, na mimi nikiwamo. Hakuna aliyeshuka namna ile. Nilimwambia jirani yangu kwenye kiti, huyo anayeanguka ni wangu. Akanicheka. Nikamwambia wewe hujui unachokiangalia, yule anayerusha anapigiwa makofi ya mwenzake."

Gunia alikuwa bado ameshika kiatu. Hakujua akiweke wapi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikosea siku ile uliponiletea habari, nikashindwa kurudi nyuma. Kichwa changu unakijua." Mzee akajipapasa goti. "Ndiyo nikaomba nije leo. Nilitaka kukuona ukianguka mara moja tena."

Kutoka jikoni kulisikika kikombe kikigongana na kingine. Gunia alitaka kusema kwamba ameshinda kwa ajili yake, na sentensi ilipofika kwenye ulimi akaona jinsi ilivyo, akaiacha.

"Yule kijana hakufundishwa," mzee akasema.

"Nilimwonyesha. Alhamisi."

"Ulimwonyesha."

"Mkono ulitoka, Baba. Mimi nilimwambia mkono ndani, nilimwambia."

"Mkono wa mtu asiyejua lazima utoke. Si kosa lake." Mzee aligeuza shingo, akamtafuta kwa jicho lile, akampata. "Nilikuwa karibu, unajua. Macho yamekwisha lakini masikio bado. Nilikusikia ukimwambia hesabu. Mara ya kwanza nikasema labda sikusikia vizuri."

Hakumwambia mara ya pili alisema nini moyoni. Aliinua miguu yake mwenyewe, akailaza kitandani, akageukia ukutani. Dada alipoingia na chai alimkuta Gunia angali amepiga magoti mbele ya kitanda, akauliza kama baba ameshalala. Gunia akasema ndiyo, ingawa wote wawili walijua kwamba hajalala.

Jicho lilizima kabla ya mvua. Mzee hakuomba tena kwenda ukumbini. Gunia anamtembelea kama zamani, anamkata kucha, wanaongea bei ya saruji, na Jumamosi inarukwa vile vile. Tofauti ni kwamba sasa anajua ukimya ule wa zamani haukuwa aibu, na huu wa sasa ndio aibu yenyewe.

Na mwenye ukumbi? Mwenye ukumbi aliuona mkono wa Mungu katika jambo hili, maana kila tumbo lina mungu wake. Watu walipojua kwamba Dhoruba amevunjika kweli walimgeuka Gunia kwa usiku mmoja. Walitaka kumwona apigwe, na njia nzuri ya kuwafanya watake zaidi ni kumfanya ashinde. Wakamshonea joho jeusi, wakambandika kwenye mabango kwa jina la Mvunja Mkono, na tangu hapo anashinda kila Jumamosi. Vijana anaowatupa amewafundisha kuanguka, kwa wiki nyingi, mmoja mmoja, na anakuwa mkali hadi wanamchukia. Yeye haanguki tena. Alilikataa kwanza joho hilo, kisha akakubali, kwa sababu hakuweza tena kupanda ulingoni akiwa Gunia wala kukaa nyumbani akiwa Gunia, na hakuwa na pengine pa kwenda. Jina alilolichukia miaka yote limekufa, na hakuna mtu anayemwita hivyo tena isipokuwa yeye mwenyewe, asubuhi, mbele ya kioo, akinyoa.

Dhoruba aliwekewa vyuma kiwikoni. Aliwaambia wote, kuanzia daktari hadi mwandishi wa gazeti, kwamba alitoa mkono mwenyewe, kosa lake, kaka alimwonya. Habari ya kiganja hakuisema kwa mtu. Kinyozi naye hakuisema, ila hakumnyoa Gunia tena. Akiingia dukani huambiwa wembe umekwisha makali. Vidole vya Dhoruba vilipona vizuri, lakini mkono haunyooki, umebaki umekunjwa kama aliyebeba kitu kwapani, na mkono usionyooka haufiki darini. Kazi ya rangi ikaisha. Mwenye ukumbi akampa stuli mlangoni akate tiketi, akawatangazia watu wema huo kwenye kipaza sauti.

Kila Jumamosi Gunia lazima apite mlango ule. Jumamosi ya kwanza alizunguka nyuma kupitia chooni, ya pili hivyo hivyo, halafu mlango wa nyuma ukafungwa kwa kufuli. Akapiga moyo konde akapita mbele, na Dhoruba akamnyooshea mkono, ule ule, kadiri ulivyoweza kunyooka, akamwambia karibu, kaka, leo wamejaa. Hakuna ubaya katika sauti yake. Hata leo hakuna. Ni watu wawili wanaofanya kazi mahali pamoja na wanasalimiana.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na foleni hadi barabarani. Dhoruba alikuwa anachana tiketi kwa vidole vile, haraka, kila kipande mahali pake, bila kukosea hata moja. Gunia alipofika alisimama mbele yake, begi lenye joho begani. Wakashikana mikono. Na Gunia, ambaye alikuwa ameapa kutofanya hivyo, akabana mara moja, kidogo, kama wanavyobana.

Kiganja cha Dhoruba kilikaa ndani ya chake, kina joto, kizima. Gunia akabana tena.

"Pita, kaka," Dhoruba akasema. "Unazuia watu."

Akautoa mkono wake, akaendelea kuchana tiketi.